Kikao cha Kujadili Kama Vikao Viwe Wazi

Kwanza kabisa, kaeni karibu na mlango. Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao mnapenda kubanana na mwenyekiti, mkidhani hapo ndipo mtasikia vizuri. Mwenyekiti atasikika tu, hata mkimwomba asisikike. Wa kutegewa sikio ni wale wa nyuma wanaonong'ona, na wale wanaoingia wamechelewa kisha wanapiga kura juu ya jambo wasilolijua. Ukikaa mlangoni unamwona kila anayeingia, unamwandikia saa na dakika yake, na kikao kikigeuka ugomvi unakuwa wa kwanza kutoka na daftari lako. Miaka ishirini na mbili nimeandika vikao Johannesburg, na mara tatu nimetoka wa kwanza.

Jina langu Rehema, mtu wa Tanga. Watanzania wa huku huniita Bi Rehema, Wakongomani huniita Mama Rehema, na wajukuu zangu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wakijibu wanajibu kwa Kizulu, huniita Gogo, yaani bibi. Kazi niliyoifanya haina sifa. Sijapata kusikia mtoto akisema akikua atakuwa mwandishi wa vikao. Nimeandikia vyama vya kuzikana, kamati za shule, wapangaji wanaogombana na mwenye nyumba, na zaidi ya wote nimeandikia kamati za ushauri.

Kamati ya ushauri, kwa asiyeijua, ni hivi. Ofisi ya diwani inachagua wakazi kadhaa wa mtaa, inawapa chumba na biskuti, nao wanazungumza mpaka wachoke. Wakishachoka wanamwandikia diwani barua ya kumshauri. Diwani anaipokea kwa shukrani, kisha anafanya alichotaka kufanya tangu mwanzo. Lakini mara chache anaufuata ushauri neno kwa neno, na hapo kuna mtu ambaye maisha yake yamepangwa na watu saba waliokuwa wanagombea biskuti ya mwisho.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Nomvula, mwanamke wa Soweto aliyekuwa akiandika vikao vya wakubwa kule Braamfontein, kwenye ofisi za baraza la jiji, kabla sijajua hata akidi ni nini. Nilimpelekea kumbukumbu zangu za kwanza kwa fahari, kurasa tisa. Nilikuwa nimeandika kila kitu. Bwana mmoja alikohoa, nikaandika. Mama mmoja aliuliza kama chai ina tangawizi, nikaandika, na nikaandika pia kwamba ilikuwa nayo. Mama Nomvula akasoma zote tisa bila kupepesa, akavua miwani.

"Rehema, mwanangu," akaniambia, "hapa najua chai yao ina nini. Sijui wameamua nini."

Walikuwa wameamua kununua geti jipya. Nilisahau kuliandika, na geti lile halikununuliwa kwa miezi minane, kwa sababu kila aliyeulizwa alisema halimo kwenye kumbukumbu.

Yeye ndiye aliyenifundisha lugha yetu ya kazi, ambayo nanyi mtaihitaji. Watu wakipigiana kelele, unaandika "jambo lilijadiliwa kwa kina." Mjumbe akigonga meza, "mjumbe alionyesha wasiwasi." Wawili wakikamatana mashati, "wajumbe walibadilishana mawazo, na kikao kikaahirishwa kwa muda." Kelele haziandikwi, machozi hayaandikwi, matusi hayaandikwi. Yanaandikwa yaliyosemwa kwa maana, na yaliyoamuliwa. Na tangazo la kikao hubandikwa siku saba kabla, mahali ambapo watu hupita kweli, siyo nyuma ya mlango wa choo cha ofisi.

Siku hizi mna simu za kunasa sauti na mnaniona mimi wa kale. Nilijaribu hizo. Mwaka 2016 nilinunua simu nzuri, nikaiweka katikati ya meza, nikakunja mikono nikajiona mstaarabu. Sikujua kwamba mwenyekiti ameweka bakuli la karanga karibu yake. Nilipofika nyumbani nikasikiliza saa mbili za karanga zikitafunwa, na kwa mbali sana, kama watu walio chini ya kisima, sauti zinazozungumzia maji taka. Tangu siku ile simu nikaiacha mkobani, kalamu ikarudi mkononi.

Sasa niwaeleze kikao kilichonipa jina, maana najua ndicho mnachonisubiria mkijifanya mnasikiliza mambo ya kalamu.

Ilikuwa mwaka 2017, Kensington ya hapa hapa Johannesburg, kamati ya ushauri ya barabara kuu. Wajumbe saba. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mhina, mtu wa Handeni, mwalimu wa zamani, mwenye duka la rangi na makufuli. Mtu mwema kabisa, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumwambia mtu hapana. Alikuwepo Pasta Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye kanisa lake lilitukopesha ukumbi wa nyuma. Alikuwepo Bi Hettie, bibi mzaliwa wa hapo hapo, aliyekaa mtaa ule tangu sisi sote tukiwa kwetu, na ambaye hakujua neno la Kiswahili. Wengine watatu walikuwa wenye maduka, Waswahili wa kila aina, wanaokubaliana na aliyesema mwisho. Wa saba sikumwona hata siku moja, ila kila mwezi aliomba udhuru kwa adabu sana.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza, midomo ilikuwa ya Kiswahili, na mimi nikakaa katikati nikimtafsiria Bi Hettie sikioni.

Shauri lililokuwa mezani ni meza. Pembeni mwa barabara kuu, mbele ya maduka, palikuwa na watu wanaofanya biashara njiani: mama wa kusuka nywele, muuza soksi, mtengeneza simu, na fundi cherehani mmoja, Papa Mulamba. Kamati iliombwa imshauri diwani kama meza zile ziondolewe. Kwa wengine ilikuwa usumbufu tu, wangehamia kona nyingine. Kwa Papa Mulamba ilikuwa mwisho. Cherehani yake ni ya chuma, ya kukanyaga, haibebwi na mtu mmoja. Alikuwa amekaa mahali pale miaka kumi na moja, wateja walimjua kwa mahali pale, na watoto wake watatu walisoma kwa mahali pale. Alinifuata dukani nilipokuwa nanunua sukari, akavua kofia.

"Mama Rehema," akasema, "mi naomba tu kuingia. Nisikie vile banasema juu yangu. Na mi niseme kidogo. Halafu bakate shauri vile banataka."

Ombi dogo. Nikalipeleka kwa Bwana Mhina, naye akaniambia ndiyo. Siku ya kikao Papa Mulamba akaja amevaa suti, Bwana Mhina akamwona mlangoni, akababaika, akasema vikao vyetu ni vya faragha.

Akasema sheria ya vikao kuwa wazi ni ya baraza, wale wenye madaraka. Sisi ni washauri tu. Hatuamui kitu. Mtu asiyeamua kitu haoneshwi kwa watu.

"Bon," akasema Papa Mulamba akiwa bado mlangoni, "kama hamuna nguvu, munaogopa nini?"

Swali lile lilitutafuna vikao vitatu. Siwatanii. Kikao cha kwanza kikajadili kama sheria ya vikao vya wazi inatuhusu sisi washauri. Katikati mwenye duka mmoja akauliza: je, kikao hiki cha kujadili kama vikao viwe wazi, chenyewe ni cha wazi? Ikabidi tuahirishe. Kikao cha pili kikajadili swali hilo. Papa Mulamba alikuwa nje kwenye benchi, na mwenyekiti, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaagiza aitwe ndani aelezwe kwamba haruhusiwi kuwemo ndani. Akaingia, akaelezwa, akashukuru, akatoka. Kikao cha tatu akaitwa tena, safari hii aelezwe kwamba ile mara ya kwanza aliyoitwa ilikuwa kinyume cha utaratibu.

Bi Hettie akanigusa kiwiko akauliza wanazungumzia nini saa nzima. Nikamwambia wanajadili kama wawe wanajadili. Akatoa sweta kwenye mfuko, akaanza kufuma.

Mwishowe nikatumwa Braamfontein kwa afisa wa sheria nikaulize. Nikapanda basi, nikamkuta kijana wa tai, mpole, meza yake imejaa mafaili mpaka yeye mwenyewe anachungulia. Nikamweleza.

"Hiyo kamati yenu ni kamati ya baraza, au ni watu wa diwani tu?" akaniuliza.

"Ni ya ushauri."

"Eish, Mama."

Akaegemea kiti. Akanieleza kwamba sheria inataka vikao vya baraza na vya kamati zake viwe wazi kwa wananchi, isipokuwa pakiwa na sababu ya maana ya kufunga. Ugumu ni kujua kama watu wa kushauri tu nao ni kamati ya baraza. Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa mkono wa serikali ndio uliowaweka. Wako wanaosema siyo, kwa kuwa hawaamui. Nikamuuliza na yeye je. Akatazama dari.

"Mimi niko katikati, Mama."

Akaniandikia barua ya kurasa mbili. Ukurasa na nusu wa mwanzo ulikuwa katikati kama yeye mwenyewe. Lakini chini kabisa kulikuwa na mistari mitatu ya mtu mwenye akili: kwa vyovyote vile, acheni mlango wazi, mkitaka kuufunga, mwenyekiti aitamke sababu kwa sauti mbele ya hao wanaotolewa, na katibu aiandike kama ilivyotamkwa. Nikaikunja, nikaitia mkobani, nikaona safari yangu haikuwa bure.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe, siku ya kuamua juu ya meza. Tangazo nilikuwa nimelibandika siku saba kabla kama nilivyofunzwa: kwenye nguzo ya roboti, yaani taa za barabarani, kwenye ukuta wa spaza, kiduka cha mtaani, na kwenye mti ule ambao mama wa kusuka hutundikia nywele za kuuza. Bwana Mhina alipoliona akashika kichwa.

"Bi Rehema, kwa nini umewatangazia kikao cha faragha?"

"Kikao cha faragha nacho kina siku yake na saa yake, Mwenyekiti. Watu wajue ni lini hawatakiwi."

Akaniambia nifunge mlango kwa ufunguo kwanza, barua ya mwanasheria tutaisoma baadaye tukipata nafasi. Mlango wa ukumbi ule ni geti la chuma la nondo, kama milango yote ya Johannesburg. Nikafunga. Nikakaa mahali pangu, ufunguo mapajani.

Ajenda ya kwanza, sala. Pasta Ilunga akasimama, wote wakafumba macho na kuinamisha vichwa. Mimi Mwislamu, sala ya wenzangu naiheshimu, nanyamaza, natuliza mikono, ila macho huyaacha wazi kwa sababu kwenye kila kikao lazima mtu mmoja abaki anaona. Na ni lazima mjue kwamba Pasta Ilunga hakuwa mtu wa sala fupi. Alikuwa akianza na shukrani kwa pumzi, kisha anapita kwa viongozi, kisha mipaka ya nchi, wagonjwa, wasafiri, wanaotafuta makaratasi, wanaotoa makaratasi. Ukimsikia amefika kwenye mvua, ujue amefika nusu.

Alipokuwa kwenye mipaka ya nchi, nikaona vivuli getini. Papa Mulamba, na nyuma yake muuza soksi, mtengeneza simu, mama wa kusuka pamoja na mteja wake aliyesukwa upande mmoja tu, na wengine na wengine. Hawakugonga. Waliposikia sala inaendelea, wakavua kofia wote pamoja, wakainamisha vichwa hapo hapo nje, juani, mbele ya geti lililofungwa.

Nimeapa kuwaambia ukweli. Mwandishi wa vikao hana upande. Mimi mwenyewe nimefukuza wanafunzi wangu wawili kwa kuwa na upande. Lakini kumwona mtu anaitikia sala ya watu waliomfungia nje kulinichoma roho. Nikauchukua ufunguo, nikaufunika na mtandio usilie, nikafungua.

Hakuna aliyenishukuru kwa mdomo. Waliingia kwa ncha za vidole. Papa Mulamba akaniinamia kichwa akapita. Mteja wa kusukwa alishikilia upande wake wa pili wa nywele usimwangukie machoni. Mtoto mmoja alipiga chafya, na Pasta, bila kufumbua macho, akamwombea afya. Wakajipanga ukutani, nyuma, kwenye madirisha. Mimi nikarudisha geti taratibu, nikaandika: saa nane na dakika kumi na saba, wananchi waliingia.

Pasta akafika kwenye mvua. Akapita kwenye mazao. Akamaliza. Waliofumba macho walikuwa sita. Amina iliitikiwa na watu arobaini.

Bwana Mhina alifumbua jicho moja, akalifumba tena, nadhani kwa matumaini. Alipoyafumbua yote mawili akauliza kwa sauti ndogo nani amefungua. Mimi nikawa natafuta kifuniko cha kalamu.

"Tuliomba milango ifunguke," akasema Pasta Ilunga kwa utulivu. "Mi mwenyewe nimeomba. Mulisikia."

Mwenyekiti akasema hawa watu lazima watoke, sheria haituhusu. Hapo nikasimama, nikaomba nisome barua. Nikasoma zile kurasa mbili, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, na ile mistari mitatu ya mwisho nikaisoma mara mbili kwa sababu wa nyuma walisema hawakusikia, nao walikuwa wamesikia. Kufunga inawezekana, nikasema, ila Mwenyekiti atutamkie sababu, mbele yao, na mimi niiandike.

Bwana Mhina akasimama. Akarekebisha miwani. Akasema, "Sababu ya kufunga kikao hiki ni." Akasimama hapo. Akamtazama Papa Mulamba. Akamtazama Bi Hettie, aliyekuwa ameacha kufuma. Akamtazama mama wa kusuka, akawatazama wenye maduka, na jasho likaanza kumtoka kipara kizima. Nilikaa na kalamu juu ya karatasi.

"Sababu," akasema mwishowe, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, "ni kwamba kila mmoja wenu nimemwahidi kitu tofauti, na leo mko wote humu."

Nikaiandika kama ilivyotamkwa.

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha mama wa kusuka akaanza, tumboni, na wote wakafuata, na Bi Hettie, nilipomtafsiria, alicheka mpaka sindano za kufumia zikaanguka. Ikajulikana yote. Papa Mulamba aliahidiwa kwamba meza itabaki. Bi Hettie aliahidiwa kwamba meza zitaondoka kabla ya Krismasi. Pasta aliahidiwa nafasi ile ya meza kwa kibao cha kanisa. Mwenye duka la viatu aliahidiwa nafasi hiyo hiyo kwa viatu. Bwana Mhina akakaa chini, akafuta kipara kwa leso, akaonekana amepona.

"Endeleeni," akasema. "Mimi sina tena cha kuficha."

Papa Mulamba akapewa nafasi. Alisimama na suti yake, futi kamba shingoni kwa mazoea, akasema kwa Kiswahili chake, mimi nikifuata kwa Kiingereza. Alieleza jinsi cherehani ile alivyoinunua kwa mjane wa fundi aliyemtangulia, na jinsi watoto wake wanavyorudi kutoka shule na kufanya kazi za darasani chini ya meza ile, miguu yao ikigusa pedali na kumharibia mshono. Alipofika kwenye jina la binti yake mdogo akanyamaza. Akachukua kipande cha kitambaa kilichokuwa mfukoni akajifunika uso. Tukasubiri. Hakuna aliyemharakisha, hata Bwana Mhina aliyekuwa na saa mbele yake. Kisha akaendelea, akamaliza, akasema aksanti.

Ndipo Bi Hettie akaomba kusema. Alisema hana ugomvi na fundi. Gauni alilovaa lilifupishwa naye. Shida yake ni kile kigari cha kushikilia anachotembelea. Meza ya fundi na ngazi ya duka zinabana njia, kigari hakipiti, na kila siku analazimika kushuka barabarani kwenye magari kwenda kununua mkate. Nilipotafsiri, Papa Mulamba akashtuka kweli kweli.

"Mama, juu ya nini hukuniambia?"

"Nilimwambia mwenyekiti," akasema Bi Hettie.

"Na mi nilimwambia mwenyekiti."

Bwana Mhina akakubali kwamba wote walimwambia, na wote aliwaambia ndiyo.

Papa Mulamba akavua futi kamba shingoni. Akaomba ruhusa ya kwenda kupima. Basi kamati nzima, na wananchi nyuma yake, tukatoka kwenda barabarani kikao kikiwa kinaendelea, maana hakuna aliyekumbuka kuahirisha. Kumbukumbu za nusu saa ile niliziandika nimesimama, daftari juu ya friji la soda la spaza. Akapima kigari. Akapima njia. Akapima meza. Watu wanane wakainua cherehani, wakaigeuza ubavu ikaelekea ukutani, Bi Hettie akapita na kigari chake, akageuka, akapita tena bila sababu yoyote ila kuonyesha. Mwenye duka la viatu akaonyesha wasiwasi. Jambo likajadiliwa kwa kina. Kisha wajumbe wakainua mikono hapo hapo mbele ya kila mtu: meza zibaki, zikae ubavu, njia iachwe wazi kwa upana wa kigari na kiwiko kila upande. Diwani alikuwa wa wale wa mara chache. Alifuata neno kwa neno.

Sheria? Mpaka nastaafu mwaka 2019 sikupata jibu kama vikao vya washauri ni lazima viwe wazi. Nadhani yule kijana wa tai bado yuko katikati. Ninachojua ni kile nilichokiona: tulipokuwa tumefunga mlango tulitumia vikao vitatu kujijadili sisi wenyewe, na tulipoufungua tulimaliza kabla ya alasiri. Msininukuu popote. Mkikutana na swali hilo, kaulizeni, mwombe barua, msome mpaka chini.

Mwezi uliofuata, kumbukumbu ziliposomwa zithibitishwe, Bwana Mhina aliomba ile sentensi yake iondolewe. Nikamkumbusha kwamba kumbukumbu hurekebishwa zikiwa na kosa tu, nikamuuliza kama hakusema. Akasema alisema. Akatia sahihi, na tangu hapo nikimkuta dukani kwake ananieleza kwa fahari jinsi alivyojifunza kuwaambia watu hapana. Mimi nikamwomba punguzo la kufuli, akanipa.

Nakala moja niliipeleka kwa Papa Mulamba. Kiingereza cha kusoma hakuwa nacho, kwa hiyo nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamsomea kwa Kiswahili tangu sala mpaka mwisho. Nilidhani atataka nirudie uamuzi. Hakutaka. Aliniomba nirudie mstari mmoja wa ukurasa wa pili, ule unaosema Bwana Mulamba, fundi cherehani, alisema. Nikarudia. Akaomba tena. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mama Rehema, makaratasi yangu yote ya hii inchi inasema niko naomba. Naomba hifadhi, naomba kibali, naomba bangoje kidogo. Hii njo ya kwanza yenye kusema alisema."

Nikajifanya nakunja mkono wa gauni. Yeye akaiweka karatasi juu ya meza, akaipapasa kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukata, kisha akauliza ule wino wa pembeni ni nini. Nikamwambia ni muda. Kila anayezungumza tunamwandikia muda aliotumia. Yeye nimemwandikia dakika nne.

"Hapana, Mama. Mi nilisimama dakika sita. Niliona saa ya mwenyekiti."

"Ulisimama sita, Papa. Lakini mbili ulikuwa unalia."

"Andika na hizo," akasema.

Nikachukua kalamu, nikaziandika.